Mchimba mitaro wa Mbinga anayezuia maji yasifike mtaroni

MVUA inaanza saa nane na dakika kumi mchana, na mtaa mzima wa Lihuku, mjini Mbinga, unakimbilia ndani. Mwenye nguo kwenye kamba anaanua, mwenye mahindi uani anakusanya, dereva wa bodaboda anajibanza kwenye baraza ya duka na pikipiki yake. Mtu mmoja tu ndiye anayetoka nje.

Ni Bonifasia Kapinga, miaka hamsini na sita, gambuti miguuni, kiroba cha nailoni kimekunjwa kichwani kama kofia, jembe begani.

"Kaeni humo humo nyinyi mnaoogopa kulowa," anawaambia majirani waliobanana barazani. "Mimi haya maji nina miadi nayo."

Wanacheka, naye anacheka, lakini hatanii. Mvua hii ameisubiri wiki tatu, na wiki hizo zote ameiogopa. Kule bondeni kuna kalavati dogo ambalo maji yote ya mtaa hupitia. Kwenye ukuta wake mhandisi wa mji amechora mstari mweupe. Msimu huu maji yameshauvuka mstari huo mara mbili. Yakiuvuka mara ya tatu, mtaro mpana wa zege utajengwa kutoka kileleni mpaka bondeni, na njia yake inapita katikati ya nyumba ya Bonifasia.

Shimo la kwanza analolikagua liko uani kwa kinyozi. Anainama, anachomeka kijiti chenye alama tatu za kisu, anakichomoa, anakitazama. Maji yamefika alama ya kwanza tu.

"Linakunywa," anasema, kwa sauti ya mama anayemsifu mtoto aliyemaliza uji. Kisha anashika njia ya kwenda juu.

Lihuku ni mtaa wa mteremko, kama ilivyo mitaa mingi ya mji huu. Nyumba arobaini na saba zimejishikiza ubavuni mwa kilima, na karibu zote zimeezekwa bati. Zamani kilima kilikuwa na vichaka na mashamba, mvua ikinyesha ardhi inameza. Siku hizi bati linamwaga uani, ua umefagiliwa mpaka unang'aa, nao unamwaga njiani, na njia inamwaga kwa aliye chini. Aliye chini kabisa ni Bonifasia na mumewe, Xaveri Ndunguru.

Jiko lao limebomolewa na maji mara mbili. Mara ya kwanza masufuria yalipatikana mtoni, na moja halijapatikana hadi leo. "Kuna samaki anapikia," anasema Xaveri, mzee mpole mwenye miaka sitini na nne. Alipakia magunia ya kahawa kwenye malori mpaka mgongo ukamwambia basi.

Linalochekesha, na Bonifasia mwenyewe ndiye wa kwanza kulicheka, ni kwamba kazi inayomlisha ni kuchimba mitaro. Ameifanya miaka kumi na moja. Kibarua kikipatikana analipwa shilingi elfu nane kwa siku, na mwezi ukiwa mzuri anapata siku kumi na nne. Hakuna mtaa wa mji huu ambao hajapiga sururu.

"Ndiyo maana naujua mtaro vizuri," anaeleza. "Mtaro hauyanywi maji. Unayapokea kwa jirani wa juu unamkabidhi jirani wa chini, tena yakiwa na mbio zaidi. Mimi ndiye jirani wa mwisho, hakuna wa kumkabidhi."

Miaka mitatu iliyopita alirudi kibaruani akakuta alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa nyumba yake. Wataalamu walikuwa wamepita kupima njia ya mtaro mkubwa. Nyumba hiyo yeye na mumewe waliijenga kwa miaka tisa, matofali wakiyafyatua wenyewe Jumapili baada ya misa.

"Nilikaa chini pale pale," anakumbuka. "Mume wangu, Baba Beata, alikuja akakaa pembeni yangu. Tulikaa hivyo mpaka giza likaingia. Mtu anakwambia kuna fidia, lakini fidia haikurudishii miaka tisa."

Vitalis Mbele, mhandisi kijana aliyesanifu mtaro ule, hajitetei sana anapoulizwa. "Nilitazama mlima nikaona maji mengi yanashuka, na mimi nimesomea kuyapeleka maji," anasema. "Sikuwa nimejiuliza kwa nini yanashuka yote."

Aliyemtangulia kujiuliza ni Bonifasia. Mwezi huo huo alikwenda kumwona mama yake kijijini Litembo, mvua ikamkuta njiani kwenye shamba la mteremko mkali ambao hata mbuzi angeupanda kwa kusitasita. Akajikinga chini ya mgomba. Mvua ile ilikuwa kubwa, lakini maji yaliyotoka mwisho wa shamba yalikuwa kidogo, tena safi. Alikuwa ameliona jambo hilo tangu utotoni, na kwa hiyo hakuwahi kulitazama.

Shamba lile lilikuwa la ngoro, kilimo cha milimani cha Wamatengo. Nyasi ndefu hufyekwa na kulazwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatizana, ikafanya miraba kama ya daftari la hesabu. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya zile nyasi. Panapochimbwa panakuwa shimo la kufika magotini, na nyasi zilizofukiwa zinakuwa tuta linalolizunguka. Maharage hupandwa juu ya tuta. Mvua ikinyesha, kila shimo linabaki na maji yake.

Wanaume ndio wanaofyeka na kupanga nyasi, wanawake ndio wanaochimba na kupanda. Kazi ni moja yenye nusu mbili, na kwa watu wa huku mume na mke huizoea mpaka wanakuwa hawaambizani kitu shambani, mmoja anatangulia mwenzake anafuata nyuma.

Bonifasia alirudi mjini na wazo lake. Kama kila ua wa Lihuku ungekuwa na ngoro chache za kupokea maji ya bati lake, ni maji gani yangebaki ya kuijaza mitaro? Aliwaita wanawake wa mtaa, wakaja kumi na tisa. Wengine walikuja kwa kumpenda tu.

"Wapo waliosema nimewahamishia kijiji mjini," anasimulia. "Mmoja akaniuliza, Mama Beata, na ng'ombe tuwalete lini?"

Novemba ile wakachimba. Ardhi ilikuwa ngumu, lakini ndani ya wiki mbili nyua kumi na tisa zilikuwa na mashimo na matuta yake. Yalipendeza. Watu wa mitaa mingine walikuja kutazama.

Na hapo ndipo walipofanya kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingeweza kulifanya. Wanawake, wenye nusu yao ya kuchimba, walichimba peke yao. Waume walikuwa kazini, na nyasi mjini hakuna, hivyo wakaona waanze tu na udongo mtupu. Mvua kubwa ya kwanza ya Januari iliyayeyusha matuta yote kwa saa moja. Udongo wa nyua kumi na tisa uliteremka pamoja. Nyumba moja ilikuwa na ugeni wa posa, na washenga walimalizia mazungumzo wakiwa wamepandisha miguu juu ya viti, matope yakipita chini yao.

"Posa ilikubaliwa," anasema Bonifasia haraka, kama wakili. "Hilo uliandike."

Usiku huo hakula. Alikuwa na aibu, na alama ya X ilikuwa pale pale ukutani. Xaveri alimsogezea sahani mara mbili. Mwishowe akamwuliza kwa upole wake ule ule, "Mmechimba. Nani aliwapangia nyasi?"

Bonifasia alitaka kumjibu vibaya, lakini swali lilikuwa limefika mahali pake.

"Sisi tulidhani nyasi ni mbolea tu," anasema. "Kumbe ndiyo mifupa."

"Ngoro bila nyasi ni matope yaliyopangwa vizuri," Xaveri anadakia kutoka kwenye kiti chake. Mkewe anamwambia anyamaze, lakini kwa kumtazama tu unajua anampenda.

Machi ikafika. Ndio mwezi wenyewe wa ngoro, nyasi ni ndefu na ardhi imelainika. Safari hii aliyetangulia alikuwa Xaveri. Akiwa na mgongo wake mbovu na fimbo, alipita nyumba hadi nyumba kuwafundisha wanaume wa mjini kazi ambayo baba zao waliijua. Fundi cherehani hakuwahi kushika fyekeo. Mwalimu wa hisabati alipanga miraba iliyonyooka mno, bila kuufuata mlima, akarudishwa kuanza upya mbele ya wanafunzi wake. Kinyozi ndiye aliyeshinda wote. Xaveri anasema alizilaza nyasi zile kana kwamba zina mwenyewe atakayejitazama kwenye kioo.

Nyasi zenyewe zilifyekwa nje ya mji na kuletwa kwa bodaboda, mafungu manne kila safari. Wake wakachimba nyuma ya waume zao. Wasio na waume walipangiwa na kaka au jirani. Mvua za msimu uliofuata zilipokuja, matuta yalisimama.

Mambo hayakwenda kwa wimbo tu. Watu waliogopa mbu, na walikuwa na haki. Kikundi kikaweka sharti kwamba shimo likikaa na maji zaidi ya siku mbili linachimbuliwa upya chini mpaka lianze kunywa. Sharti la pili ni kwamba ngoro zikae hatua kumi kutoka choo cha shimo, na zisikaribie ukuta wa nyumba. Hili walilijua baada ya bibi mmoja kuamka na kukuta ufa kwenye chumba cha kulala. Bonifasia aliuziba ufa huo mwenyewe, kwa saruji yake, akaomba radhi mara tatu.

Hadi mwaka jana nyumba arobaini na sita kati ya arobaini na saba zilikuwa na ngoro, na maharage yake yanaliwa. Vitalis alikuja, akazunguka nyua zote na daftari siku nzima. Jioni alimwambia, "Mama Beata, mimi ofisini siwezi kusema nimeona. Nahitaji kipimo."

Ndipo alipochora mstari kwenye kalavati na kusimika chombo cha kupimia mvua juu ya nguzo, jirani na shule. Makubaliano yakawa hivi: kwa msimu mmoja, kila mvua inayozidi milimita hamsini itahesabiwa. Maji yakiuvuka mstari mara tatu, mtaro mpana utajengwa. Yasipofikisha mara tatu, atapeleka kwenye kikao mpango mwingine, wa mtaro mwembamba kando ya barabara, na ngoro za nyua ziingie kwenye ramani ya mji.

Januari maji yaliuvuka kwa kiganja kimoja. Februari yakauvuka tena, kwa vidole viwili. Kila aliyepandisha macho alijua yalikotoka.

Nyumba ya arobaini na saba ni ya kileleni. Ni ya Erasmo Kinunda, mfanyabiashara wa kahawa, mtu mkimya mwenye miaka hamsini na minane. Bati lake ndilo pana kuliko yote, na ua wake mzima, kutoka baraza mpaka geti, umetandazwa vitofali vya pevingi. Tone la maji halina pa kuingilia. Vitalis alikadiria kwamba sehemu moja ya tano ya maji yote ya mteremko ilitoka kwenye geti hilo moja.

Bonifasia alikwenda kumwomba mara nne. Kila mara Erasmo alimkaribisha, akamfungulia soda, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema matope yamemchosha na ua ataubakiza ulivyo. Hakumpandishia sauti hata siku moja.

"Afadhali angenifukuza," anasema Bonifasia. "Mtu akikufukuza unamsema njia nzima, roho inatulia. Huyu ananipa soda!"

Baada ya mvua ya Februari alipanda mara ya tano, na safari hiyo alikuwa amekasirika kweli. Erasmo hakuwepo. Barazani alikuwepo mama yake, Bibi Theresia, mwenye miaka themanini na mitatu, anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena kwa ajili ya huu ua?"

"Nimekuja, bibi. Nyumba yangu inaondoka."

Bibi Theresia alisogeza ungo, akampa nafasi ya kukaa. Akamweleza kwa Kimatengo, taratibu, jambo ambalo mwanawe hakuwa amelisema kwa mtu. Chini ya pevingi ile palikuwa na bustani ya ngoro ya Eunice, mke wa Erasmo. Eunice alikuwa Mnyasa wa Liuli, binti wa ziwani aliyekulia kwenye mchanga. Alipoolewa hakujua hata jinsi ya kusimama kwenye mteremko, na mawifi walimcheka. Bibi Theresia alimfundisha mwenyewe. Kwa miaka ishirini na sita Erasmo alipanga nyasi na Eunice akachimba nyuma yake, hata walipokuwa na uwezo wa kuweka vibarua. Miaka minne iliyopita Eunice alifariki mwezi wa Machi, Erasmo akiwa ameshalaza nyasi, bado hazijachimbwa.

"Zile nyasi zilikauka pale pale," bibi alisema. "Hakuweza kuziondoa na hakuweza kuziacha. Akaleta watu wa pevingi."

Bonifasia alilia mbele ya bibi, na anaposimulia analia tena, anajifuta kwa ncha ya kitenge. "Mimi nilikuwa nadhani ni tajiri mwenye roho ngumu," anasema. "Kumbe kila nikipanda kule namwambia mtu akachimbe alipomzikia mke wake moyoni. Na bado ananipa soda."

Alirudi nyumbani, akamweleza mumewe. Xaveri alifikiri mpaka asubuhi. Jumamosi ya kwanza ya Machi walipanda pamoja na wanawake sita wa kikundi, na Xaveri kwa mgongo wake ule alibeba fungu la nyasi mpaka getini. Erasmo alipofungua, Bonifasia hakungoja soda.

"Kaka Erasmo, leo sikuja kuomba. Ukisema hapana tunarudi na hatutakuja tena. Ukisema ndiyo, wewe panga, sisi tutachimba."

Erasmo alilitazama lile fungu. "Aliyekuwa anachimba nyuma yangu hayupo," alisema.

"Tunajua. Mama ametuambia."

"Tangu siku ile sijapanga."

Ndipo Xaveri akakohoa. "Mke wangu nakuazima, shemeji, lakini kwa leo tu. Jioni namtaka arudi, maana chakula sijala."

Erasmo alicheka. Wanawake wanasema kicheko kile kilimshtua mwenyewe. Aliingia ndani, akatoka bila viatu, suruali ameikunja. Walianza kung'oa vitofali vya nusu ya chini ya ua, kimoja kimoja, wakavipanga ukutani visipotee. Njia ya Bibi Theresia ya kwenda chooni wakaiacha kama ilivyo, asije akateleza. Saa tano udongo ulikuwa wazi, mwekundu, na Erasmo akainama na nyasi.

Bonifasia anasema hajawahi kuona mikono inayokumbuka namna ile. Erasmo hakupima wala hakurudia mstari, alipanga kwa kushuka, akiufuata mlima, na alipofika mwisho udongo wote uliofunuliwa ulikuwa miraba. Kisha akasimama pembeni. Kina mama nao wakasimama, kila mmoja na jembe lake, na hakuna aliyethubutu kuanza.

Bibi Theresia akaita kiti chake kisogezwe. Akaomba jembe. Akashikwa mkono huku na huku, akapiga jembe la kwanza, akapiga la pili, udongo ukaangukia kwenye nyasi za mwanawe.

"Eunice nilimfundisha mimi," alisema, akihema. "Kwa hiyo leo naweza kumsaidia. Haya, malizieni, mnangoja nini?"

Erasmo aligeukia ukuta, mabega yakitikisika, na kina mama wakachimba huku wakilia, waziwazi, bila kuoneana haya. Saa kumi maharage yalikuwa yameshapandwa.

Hizo ndizo ngoro ambazo Bonifasia anazikimbilia leo mvuani. Zina wiki tatu tu. Maharage yake ndiyo kwanza yana majani manne, na mvua hii, kwa sikio lake, ni kubwa kuliko ile ya Februari.

Anapita kwa fundi cherehani, mashimo yanakunywa. Kwa mwalimu wa hisabati, moja limejaa na jirani yake linapokea. Kila anapopita, mlango unafunguliwa kidogo na mtu anauliza, "Vipi, Mama Beata?" Naye anajibu, "Bado, ngojeni." Gambuti limeingia maji. Anapumua kwa nguvu, miaka hamsini na sita si mchezo kwenye kilima hiki.

Getini kwa Erasmo anasimama. Chini ya geti lile, kila mvua kubwa, ulikuwa unatoka mto wa kumwangusha mtu mzima. Leo unatoka mkondo mwembamba ambao kuku angeuruka.

Anasukuma geti. Ndani anamkuta Erasmo peke yake katikati ya mvua, shati limemganda mwilini, matope mpaka kwenye mapaja. Tuta moja la chini lilikuwa limeanza kukatika. Amechota nyasi kutoka kwenye akiba iliyobaki kando ya ukuta, amezilaza kwenye ufa, na sasa anachimba udongo kuzifukia.

"Unapanga na unachimba?" Bonifasia anapiga kelele kuishinda mvua.

"Dakika tano tu, dada!" Erasmo anajibu bila kuinua kichwa. "Usimwambie mama."

"Nakuona!" inasikika sauti ya Bibi Theresia kutoka barazani.

Bonifasia anashika jembe lake na kusogea upande wa pili wa tuta. Wanalifunga pamoja. Halikatiki tena.

Saa kumi kasorobo mvua inapungua, na mtaa unaanza kuteremka bila kuitwa. Miamvuli, viroba, masufuria vichwani, wote wanakwenda kwenye kalavati. Xaveri amefika kabla yao na fimbo yake. Vitalis naye yupo, anatoka kusoma kile chombo cha shuleni.

"Shikamoo, Mama Beata."

"Marahaba, mwanangu. Ngapi?"

"Sitini na tatu."

Watu wanaguna. Mvua ya Februari, iliyouvuka mstari, ilikuwa hamsini na nane. Vitalis anashuka kwenye tope na rula yake ya chuma. Maji yanapita kwa nguvu chini ya kalavati, ya kahawia, na ukutani yameacha alama ya mahali yalipofika yalipokuwa juu kabisa. Anapima. Anapima tena, na Bonifasia anamshika mumewe mkono mbele za watu, jambo ambalo kwa umri wao halifanyiki sana hapa Mbinga.

"Chini ya mstari," Vitalis anasema. "Vidole vinne chini."

Makelele yanayofuata yanawatoa mbwa wa mtaa wa pili. Kinyozi anamkumbatia mwalimu. Bonifasia hapigi kelele. Anachuchumaa ukingoni, anafunika uso kwa viganja, na Xaveri anasimama nyuma yake kama mtu anayelinda mlango.

Vitalis ni mkweli, hawadanganyi. Anawaambia kikao cha kuamua kitakaa Mei, msimu haujaisha, na yeye ni mhandisi tu, si wa kupiga kura. Lakini ramani anayo, anaikunjua chini ya mwamvuli wa fundi cherehani. Mtaro uliochorwa upya ni mwembamba na umekaa kando ya barabara. Juu yake kuna miraba midogo arobaini na saba, kila mmoja na namba ya nyumba yake.

"Kila nyumba itawajibika na maji yake," anaeleza. "Moja ikilegea, mama huyu wa chini ndiye atakayelowa. Nitawaambia hivyo hivyo."

"Waambie na mimi nitapita kukagua," Bonifasia anasema, ameshasimama na sauti imerudi. "Na sinywi soda."

Jioni, nguo zikiwa zimeanikwa juu ya moto, anataja mipango yake. Beata, binti yake wa kwanza, anafundisha shule ya msingi Mbaha, kando ya ziwa. Amemwomba ashuke likizo ya Juni akaone jinsi maji ya mlimani yanavyolijaza matope darasa la kwanza. Atakwenda na Xaveri, maana bila mpanga nyasi hachimbi tena mahali popote.

Lakini kuna jambo moja anataka kulionyesha kwanza. Anamchukua mwandishi mpaka nyuma ya nyumba. Tangu alama ile nyekundu iwekwe ukutani, hapa hajapanda kitu zaidi ya mchicha na figili, vitu vya kuliwa ndani ya mwezi. Sasa pana vigingi kumi na viwili vimesimikwa kwa mistari, kila kimoja hatua tatu kutoka mwenzake. Ni mahali pa kahawa. Mashimo atayachimba mapema ili samadi ioze, miche itapandwa Desemba, na mavuno ya kwanza yatakuja mwaka wa tatu baada ya hapo.

Xaveri anapiga hesabu ya umri wake kwa sauti, anasikitika kwa mzaha.

Mwandishi anamwuliza Bonifasia kama miche hiyo atakwenda kuiagiza kesho, sasa maji yalivyobaki chini ya mstari.

"Nimeshaiagiza," anasema, akikinyoosha kigingi kimoja kilicholazwa na mvua. "Leo asubuhi. Wingu lilikuwa bado halijatokea."